Seva ya Kamanga na sato wa Mama Neema

Jumanne usiku

Na bado najiita fundi wa mitandao.

Jana umeme ulikatika kwenye zahanati ya Mama Neema, Kamanga. Uliporudi, seva ikagoma kuamka. Inapowaka, kabla mfumo wake wa Linux haujainuka wote, inatakiwa iingie mtandaoni na kunisubiri niifungulie diski kwa nenosiri, mimi nikiwa huku Mkuyuni. Wiki iliyopita niliibadilishia anwani ya mtandao, nikasahau kulitengeneza upya faili la kuwashia, linalobeba anwani hiyo. Kwa hiyo ilinisubiri kwenye anwani ya zamani, na mimi naitafuta kwenye mpya, naitukana ruta.

Leo nikapanda kivuko, kibodi kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si ulisema hutahitaji kuvuka tena?"

Nikaifungulia seva kwa kibodi, na kilichobaki kilikuwa amri moja tu, ya kulitengeneza upya lile faili. Nikaizima, nikaiwasha, nikaifungulia kwa simu, wagonjwa wakaanza kuandikishwa. Lakini mama alishabandika samaki, sato, akijua nitachelewa. Nikaendelea kuikunjia uso skrini mpaka ugali ukaiva.

"Pole kwa kazi ngumu, mwanangu," akasema akininawisha.

Nikaitikia asante, kwa sauti ya mtu aliyechoka, nikaomba na mchuzi.