Mpira Ndani ya Puli

Jumamosi, Igoma

Kumbe ni mpira tu! Mwezi mzima nimelaumu plagi, nikalaumu na giaboksi, wakati mharibifu ni mimi.

Puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini ya gari la Mwalimu Koku, ile silinda sita ya mtumba kutoka Japani, ilikatika mpira wa katikati. Nikaichomelea ikawa chuma kitupu, maana hapa tunachomelea kila kitu, nikajisifu. Tangu hapo, gari likifika spidi themanini, linatetemeka lote. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hujipinda kidogo kila silinda inapopiga, na ule mpira ndio ulikuwa unameza mtetemo.

Kuna wateja wengine wawili niliowachomelea puli hivyohivyo. Itabidi niwatafute, hata kama aibu...

Leo nimepata puli nzima Mkuyuni, nikaifunga. Tukatoka barabara ya Musoma, mwalimu kwenye usukani. Themanini. Tisini. Laini!

"Mwalimu, nisamehe. Ni mimi niliyeliharibu."

Akaitazama mikono yake, akacheka mpaka machozi. "Kumbe ni gari! Mimi nilidhani ni mikono yangu inatetemeka kwa uzee, nikataka kuliuza."

Kwa adhabu, huku bado anacheka, akanishusha palepale njiani nirudi kwa miguu. Yeye akaendelea mbele, akipiga honi.