Feruzi

Jumapili, Agosti 1956

Basi leo nimesomeshwa. Mwalimu Daudi, anayenichumbia mwaka wa pili sasa, alikuja kwetu landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na pete mfukoni. Mama akakimbilia jikoni kutega sikio.

Pete ina jiwe la buluu. Nikauliza ni jiwe gani. Kosa langu hilo.

"Hili ni feruzi," akasema, na uso ukamng'aa kama yuko mbele ya darasa. Eti ni neno la Waajemi, maana yake ushindi. Waarabu wakalichukua neno, wakalivusha bahari hadi pwani, likapanda bara mpaka kwa sonara wa hapa mjini. Chai ikapoa. Nikanyoosha vidole mezani, labda atavikumbuka.

Akatazama saa, akarudisha pete mfukoni, akaaga.

Mama akatoka mbio. "Haya, amesema nini?"

"Amesema ni ushindi, Mama."

Hakucheka. Baba ameshaapa kwamba mwalimu akizidi kukawia, ataniozesha kwa yule mzee wa Njoro aliyefiwa na mke. Naogopa, sitajidanganya.

Neno limetoka Uajemi, limevuka jangwa na bahari, limenifikia hapa Nakuru. Mwalimu ameshindwa kuvuka meza.