Sare Sita za Picha kwa Mama

Jumanne, 1 Julai. Makambako

Vifungo vya shati la Imani, tayari. Bado gauni la Neema. Wateja nimewaambia warudi wiki ijayo, cherehani ina kazi yangu. Kitenge kimoja, kijani chenye maua ya njano, nguo sita: mimi, Baba Imani, watoto watatu, na Mama kule Njombe. Jumamosi tunapiga picha ya familia. Nina furaha mpaka naona aibu, mtu mzima mimi.

Baba alipofariki alituachia pasipoti saizi moja. Kichwa na mabega, basi. Wanangu hawatajua babu yao alisimamaje. Kwa Mama sitaki iwe hivyo.

Alhamisi, 3 Julai

Nguo zimejaribiwa. Imani hataki kutoka kwenye kioo. Gifti kajimwagia chai kifuani. Nimefua, nimepiga pasi, sikugomba. Wiki hii sigombi na mtu.

Shabani mpiga picha kathibitisha: saa tatu asubuhi, uani kwa Mama. Nimemchorea mkao kwenye karatasi. Mama kwenye kiti katikati, Neema mapajani mwake, sisi nyuma. Baba Imani kacheka, eti nachora ramani ya vita. Acheke.

Ijumaa, 4 Julai. Njombe

Tumefika. Mama katupokea na salamu zake za "kamwene" na viazi vya kuchoma. Neema kamwona, kaangua kilio. Mara ya mwisho alikuwa na miezi mitatu, sasa ana mwaka na nusu. Kwake bibi ni mgeni tu. Kapewa kiazi, kakipokea, kakimbia nacho.

Mama kasema atazoea. Kisha kageuka kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri kabisa. Imeniuma. Na kesho ndiyo picha.

Jumamosi, 5 Julai

Mipango si matumizi! Mimi mzaliwa wa hukuhuku, fundi cherehani, nimeshonea watoto mikono mifupi mwezi wa saba. Asubuhi nyasi zimeganda, nyeupe. Meno ya Gifti yanagongana. Mama katoa masweta aliyofuma mwenyewe, na kofia zake: nyekundu, bluu, zambarau. "Hakuna mjukuu wangu wa kuugua kifua kwa ajili ya picha." Nimebisha mpaka sauti ikapanda. Nimeshindwa. Baba Imani naye kavaa koti, msaliti.

Kisha Neema. Tumemweka mapajani kwa bibi mara tatu, mara tatu kalia mpaka majirani wakachungulia. Shabani kapiga makofi, kaimba, kalia kama mbuzi. Wapi! Nilitaka kulia na mimi.

Mama kainuka. "Mimi sijalea mtoto nikiwa nimekaa. Mlete mgongoni." Kainama, nimemweka, kafunga kanga. Kazunguka uani, kapita bandani kwa ng'ombe, anaimba taratibu kwa Kibena. Mzunguko wa tatu, kilio kikawa kwikwi. Kisha kimya. Kofia nyekundu ikachomoza juu ya bega, macho makubwa yanamtazama Shabani.

"Mama, simama hapohapo!" kasema Shabani. Tukakimbia kujipanga, Gifti nusura aanguke. Kapiga. Kapiga tena. Nimepiga vigelegele peke yangu.

Jumapili, 13 Julai. Makambako

Picha iko ukutani, juu ya redio. Sare haionekani, labda pindo la sketi yangu chini ya koti nililovaa na mimi mwishowe. Kiti kimesimama katikati, kitupu, hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Neema kila akipita anainyooshea picha kidole: "Bibi."

Pasipoti saizi ya Baba nimeichomeka kwenye pembe ya fremu.

Mama kainama kidogo mbele, mikono nyuma, kamshikilia mtoto. Ndivyo anavyosimama. Ndivyo alivyonibeba mimi.