Kikohozi cha Sauti ya Pili

Leticia, rafiki yangu,

Kwaya inanifia mikononi, na hapa Segese sina mwingine wa kumwambia.

Tangu tulipokuzika, sauti ya pili wamebaki wanne. Walianza kuchelewa, kisha wakaacha kuja, kila mmoja na udhuru wake: mtoto anaumwa, mawe ya dhahabu hayajaisha kupondwa. Mimi nikasema ni uvivu. Unanijua, sikosi cha kusema.

Jumamosi ya wiki iliyopita niliazima redio kaseti ya kaka yangu, nikarekodi mazoezi ili wasikie wanavyoharibu wimbo. Nikasahau kuizima. Nyumbani nikasikia kila kitu. Mama Kulwa aliingia amechelewa, vumbi la mawe bado nyweleni, na sauti yangu ikamwambia mbele ya wote, "Wewe na saa mnagombania nini?" Wakacheka wachache. Hakuimba tena mpaka mwisho. Niliona aibu, Leticia, nikiwa peke yangu chumbani.

Nikajitetea kwamba zamani sikuwa hivi. Nikatoa kanda ya mazoezi ya Pasaka, ulipokuwa hai, nijisikie nilivyokuwa mpole. Nilikuwa mkali vilevile. Naanza kumfokea mtu, mara unasikika wewe pembeni yangu, kikohozi kidogo, na mimi nashusha sauti. Mbele tena naanza, unakohoa, natulia. Miaka yote ile nilidhani ni vumbi. Na kifua chako kilikuwa kizima, malaria ndiyo iliyokuchukua. Ulikuwa ukisema nyani haoni kundule, nami nikidhani unamsema mchungaji. Upole niliosifiwa ulikuwa wako.

Jumatatu nikaenda kwa Mama Kulwa. Nilimkuta anaponda mawe, nikachukua nyundo nikakaa. Nikamwomba radhi, nikamwomba aniambie ninapokosea. "Mwalimu, wewe hujakosa kitu," akasema. Watu wetu wanajua kumheshimu mtu mpaka abaki peke yake. Nikaendelea kuponda, vibaya, vipande vikimrukia. Mwishowe akasema bila kuniangalia, "Leticia alipokuwepo ulikuwa unatusalimia kwanza. Siku hizi unaangalia saa."

Basi, hilo tu. Nilitaka kujibu, nikakumbuka kanda, nikachukua jiwe lingine.

Jana nilitangulia kufika. Saa niliiacha nyumbani. Nikasimama mlangoni nikawasalimia mmoja mmoja kwa Kisukuma, mwadila, mwadila, watoto hawajambo. Mama Kulwa alikuja amechelewa, nikampa nafasi yako, ile iliyo karibu na mkono wangu, ambayo sikuwa nimemruhusu mtu kuichukua. Nikamwambia mbele ya wote kwamba nikizidi, akohoe. Wakacheka, safari hii na yeye pia.

Kwenye ubeti wa tatu besi wakapotea njia. Nikawageukia, mdomo umeshafunguka. Nikasubiri. Mama Kulwa alitazama chini, bado ananiogopa. Nikakohoa mwenyewe.

Pumzika, Leticia. Nakuahidi nitaendelea kujikoholea mpaka siku Mama Kulwa atakapothubutu, na siku hiyo sitamkasirikia. Ila kurudi nyumbani narudi peke yangu, hakuna wa kuniambia leo nimefanyaje, na bado natembea pembeni mwa njia ili nikuachie nafasi.

Mwenzako,
Perpetua