Filimbi ya Mdogo Wako

Nyumba ya kona, nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumatano, tarehe 11 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Habari za siku nyingi, na magoti yanakusumbua bado? Ile dawa ya kuchua uliyosema inawasha, umeendelea nayo au umeitupa? Sisi huku miili mizima. Mimi mgongo kidogo, watoto hawajambo, na mdogo wako ndiye mzima kuliko sote, maana anazunguka mtaa huu tangu asubuhi na filimbi shingoni. Huyo ndiye aliyenifanya nikae kuandika.

Sijui kama alikuambia. Tangu astaafu kuchemsha vifaa vya upasuaji kule hospitali, alikuwa wa kukaa tu na kunikosoa ninavyosuuza sufuria. Manispaa wakatangaza wanatafuta wasimamizi wa usafi, watu wazima wenye heshima zao, mmoja kila mtaa. Wakampa kizibao cha njano, filimbi na daftari. Ukitupa taka, ukitema mate, ukimwaga maji machafu barabarani, anakuandika jina, na adhabu yako ni kuvaa kizibao ufagie nusu saa pale pale ulipokosea, watu wakikutazama. Watoto wamembatiza Filimbi. Mimi siku hizi ni Mama Filimbi, hata kwa muuza mkaa.

Nisimwonee. Mvua za mwaka jana mtaro wetu uliziba kwa mifuko na makopo, maji yakaingia majumbani, na yule seremala jirani yetu akampoteza mwanawe kwa kuhara. Mdogo wako ndiye aliyembeba mtoto kwenda hospitali, na ndiye aliyerudi na habari. Mpaka leo halizungumzi. Kwa hiyo najua filimbi ile imetoka wapi, wifi, na ndiyo maana miezi mitatu nimejiuma ulimi.

Nilinyamaza alipomfagisha kinyozi wetu, ingawa tangu siku ile yeye mwenyewe ananyolewa mtaa wa tatu. Nilinyamaza hata nilipomuuliza hao watu watupe wapi, maana mtaa mzima una pipa moja na halina kitako, akanijibu kwamba mapipa si kazi yake, barua ameshaandika. Gari la taka lenyewe huja likijisikia.

Lakini hili la wakwe limenishinda.

Binti yetu, unajua, amechumbiwa na kijana wa fundi saa. Jumapili iliyopita yule fundi saa na nduguye walikuja kupanga siku ya harusi. Nilikuwa nimetandika vitambaa, nimeazima viti sita. Mzee wa watu jua limempiga njia nzima, akafika kwenye kona yetu, akajifuta jasho kwa karatasi, akaiangusha. Hatua ishirini kutoka mlangoni petu. Nikasikia filimbi.

Angekuwa hamjui, ningesema bahati mbaya. Anamjua vizuri sana. Alimwamkia kwanza, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akafungua daftari. Fundi saa akadhani ni utani, akacheka. Mdogo wako akavua kizibao akamvisha kwa mikono yake, akamkabidhi ufagio, akamwambia chai itasubiri. Nusu saa nzima baba mkwe wa mwanangu anafagia barabara, nduguye kasimama pembeni kamshikia koti, na mimi mlangoni sijui nimkimbilie nani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alifagia mpaka mwisho, akarudisha ufagio, akaondoka bila kukanyaga kizingiti chetu. Kesho yake akaleta ujumbe kwamba mdogo wako aende kwake bila kizibao, amwombe radhi kabla ya Jumapili hii. La sivyo tumtafutie binti yetu watu wengine, wanaojua kutupa karatasi.

Mdogo wako kagoma. Anasema ataomba radhi kwa jambo lolote ila hilo, sheria ni msumeno. Nikamwambia msumeno wako umeanzia pabaya. Binti hali, hasemi, anapiga pasi nguo zile zile tangu juzi. Jana nilikwenda mwenyewe kwa fundi saa. Mkewe alinipokea vizuri, akanipa maji, ila yeye hakutoka chumbani.

Wifi, wewe ndiye uliyemlea, na hapa duniani ni wewe tu anayekuogopa. Simu yako haishiki, basi barua hii nampa dereva wa basi la kesho asubuhi ikufike mkononi. Mwambie aende akaseme neno moja tu, pole, amwokoe mtoto. Maji yamenifika shingoni.

Jumapili.

Basi liliniacha na barua yangu, kwa hiyo namalizia na yaliyotokea.

Alhamisi mchana nilikuwa naosha vyombo, mawazo yote kwa binti. Nikatoka na beseni, nikamwaga maji ya sabuni barabarani kama nilivyomwaga miaka ishirini na sita. Filimbi. Nageuka, ni yeye, na nyuma yake muuza mkaa anatazama. Akafungua daftari, akaniuliza jina. Mimi, niliyemzalia watatu, ananiuliza jina. Nikamwambia andika mpishi wako. Akaandika jina langu lote, na la baba yangu, wala hakuinua macho.

Nilifagia. Binti alikuwa dirishani, nikaona akiniomba kwa macho nisizushe jingine. Nilifagia mbele ya watu niliowagawia chumvi na kuwalelea watoto. Kinyozi alitoka nje kutazama, akamwacha mteja ndani na povu kidevuni. Nilipomaliza nikaingia ndani, nikalia nimejifunika taulo usoni nisisikike.

Habari zikamfikia fundi saa kabla vyombo vyangu havijakauka. Jana asubuhi akaja mwenyewe, hakuitwa. Akasema mtu anayemfagisha hata mkewe hana dharau na yeyote, kumbe ilikuwa sheria tu. Akaingia, akaketi. Wakashikana mikono, wakacheka, wakapigana mabegani, harusi ikapangwa mwezi wa nane. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Jikoni binti alinikumbatia akalia kwa furaha, na nilifurahi naye, sikufichi.

Ila wale wanaume wawili walikaa saa tatu. Waliombana radhi, kila mmoja akimhakikishia mwenzake kwamba yamekwisha, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniomba mimi. Mgeni alipoondoka, mdogo wako akajinyoosha kitini, akaniambia, "Umeona? Yamejisuluhisha yenyewe."

Kwa hiyo ya harusi usimwandikie tena, hayo yamekwisha. Mwandikie haya yangu, tena kwa maneno mazito, kama ulivyokuwa ukimkanya akiwa mdogo. Sijamsemesha tangu Alhamisi. Leo ni siku ya nne, na hajagundua.

Nisalimie shemeji, na mwanao wa mwisho, na mama mdogo akija kukutazama. Mungu akupe nguvu za magoti na akuweke mpaka tukutane kwenye harusi.

Wako akupendaye daima,
Wifi yako.