Daktari wa Kupanga Meno

Runazi, Biharamulo
Jumatano asubuhi

Dada yangu Ildefonsa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta umeamka salama, wewe na shemeji na wote wa hapo Murukulazo, na kwamba mgongo umekuruhusu kushika jembe. Mimi mwili ni mzima. Mvua zimeanza huku na watu wako mashambani, kwa hiyo naweza kushinda dukani nisiseme na mtu ila anayetaka kiberiti. Jioni nasonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja, dada, haujawahi kunikubali. Kila siku unabaki.

Utashangaa kuandikiwa barua siku hizi za simu. Jumatatu nilikupigia nikiwa na jambo la kukuuliza, lakini ukaniwahi na habari za mjukuu wako: kwamba mtoto wa Esperansia ana homa na anaharisha, fizi zimevimba na kuonyesha weupe, na Jumamosi mtampeleka kwa bibi fulani amtoe meno ya plastiki. Nikanyamaza. Ukasema halo, halo, ukadhani ni mtandao, ukakata. Haukuwa mtandao. Naandika kwa sababu barua haikatwi katikati, na nakuomba uisome yote kabla ya hiyo Jumamosi.

Nianze na meno yangu. Unayajua, wewe ndiye uliyekuwa ukiyasugua. Ya mbele yameegemeana kama walevi wanaotoka kilabuni, na pembeni ni mapengo. Tangu utotoni nacheka mkono ukiwa mdomoni, na kila nilipokuuliza ulinijibu kwamba Mungu ndiye aliyeyapanga hivyo. Nikaridhika. Lakini mwaka huu kwaya yetu ilirekodi video. Kuna wimbo ambao mimi ndiye ninayeuanzisha, sauti yangu inatangulia peke yake kabla ya wenzangu kuitikia. Siku ya kupigwa picha, mpiga picha alinong'ona na mwalimu wa kwaya, na mwalimu, akiangalia chini, akaniomba nisimame mstari wa nyuma. Mbele wakamweka Yuster, binti mwenye mwanya wake mzuri, akawa anafungua na kufumba mdomo huku sauti ni yangu. Sasa video iko kwenye simu ya kila mtu hapa Runazi. Wanakuja dukani, wanaitazama mbele yangu wakimsifu Yuster kwa sauti aliyojaliwa. Mimi nawarudishia chenji.

Ndipo nikaanza kumtafuta daktari wa kupanga meno. Muuguzi wa zahanati aliniuliza kama yananiuma. Nilipojibu hapana, akasema nimshukuru Mungu. Hospitali ya wilaya nilimkuta kijana mwenye heshima, akanieleza kwamba wao wanang'oa na kuziba tu, wa kupanga yuko Mwanza, ila madaktari bingwa huja mara mojamoja kuweka kambi. Nikamwomba Bulugu, yule Msukuma wa bodaboda anayenibebea mizigo, aniulizie huko anakopita. Baada ya siku chache akaja mbio na kusema, "Dada, daktali wa kupanga nimempata." Nyuma ya pikipiki alikuwa amempakia daktari wa mifugo, mgeni, amekumbatia godoro, anatafuta chumba cha kupanga. Nilicheka mpaka machozi. Walipoondoka nikatafuta mtu wa kumsimulia, nikakosa.

Kambi ya mabingwa ilikuja Biharamulo wiki iliyopita. Nilipangiwa mama mmoja mtu mzima, mpole. Alinimulika mdomoni, akapapasa fizi kwa kidole, akarudia tena pale pale. Kisha akaniuliza, "Nani alikutoa chonge ulipokuwa mchanga?"

Nikamjibu kwamba hakuna, nimezaliwa hivyo. Akanipa kioo na kunionyesha. Alinieleza kwamba meno ya plastiki hayapo. Ule weupe unaoonekana kwenye fizi ya mtoto ni chonge yake mwenyewe, changa, inajiandaa kuota, na homa na kuharisha vina sababu nyingine zinazotibika. Wanaoichimba kwa spoku ya baiskeli wanaharibu na jino la ukubwani lililolala chini yake, kisha yanayobaki hayana mpaka, yanajilaza yanavyotaka. Akasema mimi nina bahati, kwa maana kuna watoto waliotokwa damu au kuoza vidonda, wakazikwa. Ya kwangu yanaweza kufungwa nyaya yakanyooka, lakini ni safari za Mwanza kila mwezi kwa miaka miwili. Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa nafikiria nyaya.

Dada, najua ni wewe uliyenipeleka. Mama alifariki nikiwa na miezi minne, baba alikuwa kwenye vibarua vya mbali, na mgongo ulionibeba ni wako. Umenisimulia mara nyingi nilivyougua hadi ukadhani utanizika, ila hujawahi kunisimulia nilivyopona, na kila nikitaja meno unainuka kwenda kuangalia jiko. Sikufichi, nilitoka pale na hasira, nikaja nayo njia nzima. Nikafungua mlango, hakuna wa kuniuliza daktari amesemaje, na hasira ikapoa kwa kukosa wa kumpa. Nikakuona ukiwa na miaka kumi na minne, mtoto anaungua mgongoni, na hakuna mtu mzima wa kumuuliza ufanye nini. Upweke mimi naujua, dada, lakini wako ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Ulifanya ulichoambiwa kitaniponya. Hilo ndilo nililotaka kukuuliza Jumatatu, na sasa silihitaji jibu.

Ila mjukuu asiende. Ukimaliza kusoma, msiningoje. Esperansia ambebe mtoto siku hiyo hiyo hadi zahanati, na amnyonyeshe bila kuchoka. Najua majirani watasema dawa za hospitali haziyawezi meno ya plastiki. Ijumaa napanda basi la kwanza. Nitakaa hapo mlangoni kwako, na atakayesema hivyo nitamfungulia mdomo aone.

Barua hii anakuletea Manirakiza, jirani yangu, anayekuja kwao kesho. Mpe maji ya kunywa. Msalimie shemeji, na Esperansia mwambie asiogope. Mtoto mwambieni bibi yake mdogo anakuja. Na wewe usilie kabla sijafika, safari hii tuko wawili.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza,
Consolatha