Tanbihi ya Maman Odette

Etterbeek, Jumamosi, 13 Machi 1993

Aya ileile, mara ya tatu! Msimamizi wa tasnifu yangu anasema maneno nimebadilisha, lakini sentensi bado ni za mwandishi wa kitabu nilichokitumia. Kinachoniudhi ni kwamba amesema kweli. Na Jumatatu anaitaka tena.

Basi leo nikaenda na kitabu Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, kusukwa. Nikamlalamikia Maman Odette, msusi wangu, huku akinivuta kichwa.

"Bon, funga kitabu. Niambie tu vile kinasema."

Nikamwambia: mgeni akifika Brussels, chumba na kazi huvipata saluni kabla ya ofisi yoyote. Ikatoka yenyewe, kwa maneno yangu. Raha gani!

Maman akaacha kusuka, akacheka mpaka akakaa.

"Ni ule bwana wa miwani alikiandika? Alikuya hapa na bibi yake. Ni miye nilimwambia ile maneno yote!"

Nimerudi nikakipekua kitabu mpaka shukrani. Mke katajwa. Paka katajwa. Maman hayumo.

Nikashika kalamu kwa hasira nimtaje mimi kwenye tanbihi. Nikaandika "Odette", nikakwama. Miaka miwili ananisuka, na jina lake la pili sijawahi kumuuliza.